Raymundi Masolwa na Picha za Macho Mawili: Miaka Thelathini na Miwili katika Karakana ya Isevya

Leo, Jumamosi, tarehe 28 Juni 1958, saa sita na nusu mchana, Bwana Raymundi Masolwa atafunga mlango wa chumba cha giza cha Karakana ya Picha ya Isevya kwa mara ya mwisho akiwa mtumishi wake. Aliufungua kwa mara ya kwanza Jumatatu, tarehe 3 Mei 1926. Kati ya siku hizo mbili ipo miaka thelathini na miwili na siku hamsini na sita. Katika muda huo wote alichelewa kazini mara mbili tu: alipooa, na alipoibiwa baiskeli. Mkewe, Bibi Veneranda, ambaye yuko pamoja nasi ukumbini, anasema mpaka leo hajaambiwa ni lipi kati ya hayo mawili lililomtoa jasho zaidi.

Mstaafu wetu alizaliwa Ntalikwa mnamo mwaka 1903, katika nyumba ya wakulima Wakatoliki. Alisoma shule ya misheni akajua kuandika kwa mkono mzuri, kisha akajifunza useremala. Ni useremala uliomleta Isevya, wala si kamera. Mwenye karakana, marehemu Bwana Figueira, alihitaji mtu wa kutengeneza fremu za picha ambazo hazingepinda kiangazi kikikaza. Raymundi alileta fremu moja ya mninga kama mfano. Bwana Figueira aliilaza juu ya meza, akaibonyeza kila pembe, haikutikisika. Siku ile ile akaajiriwa.

Katika kona ya stoo palikuwa na kisanduku cha mbao ambacho Bwana Figueira alikuwa amekinunua kwenye mnada wa vitu vilivyoachwa na Wajerumani baada ya vita. Ilikuwa kamera ya ajabu, yenye lenzi mbili za shaba zilizokaa ubavu kwa ubavu kama macho ya bundi. Lenzi moja ilikuwa nzima. Nyingine ilikuwa na ufa. Raymundi aliuliza kamera inahitaji macho mawili ya nini, wakati zile nyingine zinaona vyema kwa moja. Bwana Figueira alimwambia anyooshe kidole mbele ya pua, afumbe jicho la kushoto, kisha la kulia. Kidole kikaruka. Inasimuliwa kwamba Raymundi alishinda siku nzima akifumba jicho hili na kufumbua lile, hata wateja wakamwuliza kama ameingiwa na mchanga. Jioni yake alirudi kwa bwana wake na kusema, "Kumbe kila jicho lina picha yake. Basi na sisi tutengeneze mbili."

Kwa faida ya wageni wetu ambao hawajawahi kuziona, picha pacha ni picha mbili za kitu kimoja, zilizopigwa kwa pamoja na lenzi mbili ambazo zimeachana kadiri ya macho ya mtu yanavyoachana. Hubandikwa bega kwa bega juu ya kadi moja, na kadi hiyo hutazamwa kwa darubini ndogo ya mbao inayolipatia kila jicho picha yake. Mtazamaji akitulia, picha mbili huwa moja, na ile moja huingia ndani kama chumba. Kilicho mbele husogea mbele, kilicho nyuma hurudi nyuma, na mtu hujikuta akiinamisha kichwa ili aone kilichojificha nyuma ya mlango.

Miaka ya kwanza kazi hii ilifanywa kwa lenzi ile moja iliyo nzima. Raymundi alipiga picha ya kwanza, akaisogeza kamera upande wa kuume kwa vidole vinne juu ya reli ya mbao aliyoichonga mwenyewe, kisha akapiga ya pili. Njia hiyo iliwafaa wote waliokubali kutulia. Mwaka 1929, kwenye harusi moja ya Ipuli, maharusi walitulia, wazazi wakatulia, hata watoto wakatulia. Kuku mmoja hakutulia. Kadi ilipotazamwa kwenye darubini, harusi yote ilikuwa imesimama imara juu ya ardhi, na kuku alikuwa akielea hewani mbele ya kifua cha bwana harusi. Raymundi alitaka kuichoma kadi hiyo kwa aibu. Shangazi wa bwana harusi aliinyakua mkononi mwake. "Weka chini kiberiti chako," alisema. "Kuku huyo tulimla jioni ile ile. Hii ndiyo picha pekee aliyowahi kupigwa."

Kuku huyo ndiye aliyemsukuma Raymundi kutafuta lenzi ya pili. Haikutosha kupata lenzi yoyote. Lenzi mbili za picha pacha lazima zikuze kitu kwa kadiri moja na zipitishe mwanga sawasawa. La sivyo jicho moja huona nyumba kubwa na jingine huona ndogo, na mtazamaji huondoka na maumivu ya kichwa. Zile za kisanduku zilikuwa za kale, na kiwanda kilichozitengeneza kilikuwa kimekwisha kuacha kuzitengeneza. Kwa miaka sita alizijaribu lenzi kuukuu za kila namna: zilizoletwa na wachuuzi wa reli, zilizosahauliwa na wapimaji ardhi, na moja iliyokuwa ikitumiwa na mzee wa Gongoni kuwashia kiko chake kwa jua. Alibandika ukurasa wa gazeti ukutani, akaisogeza kila lenzi kwa mkono mpaka herufi zilipokaa kali kwenye kioo cha ukungu kilicho nyuma ya kamera, kisha akapima neno moja kwa kipande cha uzi. Uzi ukizidi hata kwa unene wa ukucha, lenzi ilirudishwa kwa mwenyewe pamoja na shukrani.

Mwaka 1935 uzi ulilingana. Ilikuwa ile ya kiko. Raymundi alimnunulia mzee viberiti vya mwaka mzima, akairudisha lenzi karakanani ikiwa imefungwa ndani ya leso, na kuzipa zote mbili majina ambayo katika nchi yetu hupewa mapacha: Kulwa upande wa kushoto, Doto upande wa kulia. Juu ya shaba ya kila moja alichora kwa tupa mistari ya umbali: mstari wa hatua tatu, wa tano, wa kumi, wa ishirini. Vifuniko vyao viwili aliviunganisha kwa kipande cha mninga, ili vifunguke kwa mkono mmoja na kufungwa kwa mkono mmoja. Tangu hapo hakuna kuku aliyeelea.

Wanaomjua vyema watakubali kwamba mstaafu wetu hakuwa mtu wa kuharakishwa. Baada ya vita vya pili zilikuja kamera nyepesi, zenye kukadiria mambo mengi zenyewe. Karakana ilinunua mbili. Raymundi alizitumia kwa picha za pasi na vitambulisho, akazisifu kwa adabu, na kila ilipohitajika picha pacha alirudi kwa Kulwa na Doto. Aliingia chini ya kitambaa cheusi, akaisogeza lenzi mbele na nyuma, mbele na nyuma, huku mteja akisimama juani. Bwana Stesheni mmoja alipolalamika kwamba mkao wake umeanza kumwuma kiuno, sauti ilitoka chini ya kitambaa: "Bwana Mkubwa, treni yako inachelewa saa tatu na hatusemi neno. Nipe dakika nne." Alipewa dakika nne.

Ndani ya chumba cha giza, ambako saa haisomeki, alipima muda wa dawa kwa sala. Kioo cha kawaida, yaani kile kinachoshika picha ndani ya kamera, kilikaa katika dawa kwa Salamu Maria kumi na nane, zisemwazo bila kukimbia. Mwenzake wa miaka mingi, Bwana Lukumani, Mwislamu wa Gongoni, alipima kwa sura fupi za Kurani. Wawili hao walianza pamoja na kumaliza pamoja, na haikutokea mmoja wao kuunguza kioo. Bwana Lukumani alipostaafu mwaka 1951 alisema kwamba katika nchi nzima hakuna chumba kilichosaliwa kwa wingi kama kile, wala chenye harufu mbaya kama kile.

Kazi iliyolitangaza jina la karakana yetu nje ya mji ni ile ya Njia ya Misafara. Kati ya mwaka 1936 na 1939, kila kiangazi, Raymundi aliifuata kwa baiskeli ile njia ya zamani waliyopita wapagazi, akiwa na kamera mgongoni na vioo vimefungwa ndani ya blanketi. Alipiga picha za matembe yaliyobaki, zile nyumba za udongo zenye paa bapa, visima, vituo ambako mizigo ilitelemshwa, na wazee waliokuwa wameibeba. Kadi mia mbili na kumi na mbili zilipatikana. Akiwa njiani aligundua kwamba kwa mandhari ya mbali macho ya kawaida hayatoshi, akachonga ubao mrefu wa kuziachanisha lenzi kwa kadiri ya dhiraa nzima, hata vilima vya mbali vikaonekana vimenenepa na kutengana. Mzee Limbu, aliyekuwa mpagazi katika ujana wake, alionyeshwa kadi ya kituo kimoja alichokuwa akilala. Alikaa na darubini usoni kwa muda mrefu. Alipoishusha, hukumu yake ilikuwa hii: "Umeweka yote, mwanangu. Umesahau harufu tu."

Hapa yafaa tumtaje Bibi Josepha, aliyejiunga nasi mwaka 1940 akitoka kwenye darasa la ushonaji la masista. Mkono wake wa kukata karatasi haujapata mshindani. Yeye na Raymundi ndio waliokuwa wakifanya kazi ambayo katika karakana tunaiita kuvusha, na lazima ielezwe, kwa sababu ndiyo kiini cha habari inayofuata.

Kamera ya lenzi mbili huchora picha zote mbili juu ya kioo kimoja, lakini huzichora juu chini. Karatasi ikigeuzwa ili watu wasimame kwa miguu, picha ya Kulwa huwa imekwenda kulia na ya Doto kushoto. Kwa hiyo karatasi lazima ikatwe katikati, na picha hizo zivushwe, kila moja irudi upande wa jicho lake. Zisipovushwa, darubini hupindua dunia. Kilicho mbali huja karibu, kilicho karibu hukimbilia mbali, bonde huinuka likawa tuta, na tuta huzama likawa bonde. Ndiyo maana kila aliyevusha aliweka alama ya penseli nyuma ya karatasi, ili mwenzake ajue kwamba kazi hiyo imekwisha.

Mwanzoni mwa mwaka 1948 kamati moja ya barabara, iliyokuwa ikikutana hapa mjini, ilikusudia kunyoosha barabara ya kaskazini kupitia Ziba. Masika yalikuwa yamelainisha mbuga, na wajumbe wasingeweza kufika huko kabla ya kiangazi. Walikuwa wameagiza mapema picha pacha za mahali kumi na nne ambako barabara ingepita. Raymundi alikuwa amekwenda kabla ya mvua kubwa na kurudi na vioo vyote vikiwa vizima. Mahali pa kumi na nne palikuwa nyumbani kwa Bibi Ngollo, mjane, aliyekuwa msemaji wa kaya kumi na moja. Hapo zamani palikuwa na tembe kubwa lililozungukwa na handaki la vita. Tembe lilikwisha bomoka, lakini handaki lilibaki, na kila mwaka lilijaa maji ya mvua, ingawa siku ya picha lilikuwa bado kavu. Kaya hizo kumi na moja na ng'ombe wao waliyanywa maji hayo hata mwezi wa Septemba. Hawakuwa na maji mengine karibu. Barabara ikipita juu yake, handaki lingefukiwa, na watu wangehama.

Juma hilo la kubandika kadi kulinyesha mfululizo, na karatasi zilikuwa na unyevunyevu. Bibi Josepha alikata na kuvusha zote kumi na nne, akaweka alama kila moja, akaondoka kwenda kwa mtoto wake aliyekuwa na homa. Raymundi alirudi kuzibandika. Kumi na tatu zilikuwa na alama. Ya kumi na nne haikuonekana kuwa nayo, kwa kuwa penseli haikushika juu ya karatasi mbichi. Kwa uangalifu wake wote, akaivusha. Mikono miwili hodari ilikuwa imefanya kazi moja mara mbili, na kazi ya pili ikaifuta ya kwanza. Angeligundua mara moja kwa darubini, lakini darubini ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na karani wa kamati ili iandaliwe mezani.

Siku ya kikao, wajumbe sita walizitazama kadi mmoja baada ya mwingine. Raymundi alikaa karibu na mlango, na kisanduku cha kadi kilikuwa juu ya magoti yake. Viti viwili mbele yake alikaa Bwana Figueira, ambaye juma lile lile alikusudia kumpandisha cheo cha fundi mkuu. Kadi kumi na tatu zilipita vizuri. Ya kumi na nne ilipofika, mhandisi alisema kwamba amefurahi kuona tuta refu na kavu, na kwamba barabara itapita juu yake bila haja ya kuzunguka. Wote walitazama na wote waliliona tuta. Bibi Ngollo, aliyekuwa amesafiri siku mbili katika lori la mahindi ili aseme habari za maji, aliombwa naye atazame.

Alitazama, akaishusha darubini, akaifuta kwa pembe ya kanga yake, akatazama tena. "Hapa si kwangu," alisema.

Mwenyekiti, Mwingereza aliyekijua Kiswahili vizuri, alimjibu kwa upole kwamba jina la mahali limeandikwa nyuma ya kadi, na kwamba picha haina shamba wala haina ng'ombe, kwa hiyo haina sababu ya kudanganya.

"Sikusema imedanganya, Bwana," alisema Bibi Ngollo. "Nimesema si kwangu. Kwangu ng'ombe hushuka kunywa. Hapo wangepanda kunywa."

Watu walicheka. Mtu mmoja tu chumbani hakucheka, kwa maana mtu mmoja tu alikuwa amekwisha kuelewa. Ni haki kuusema wazi uzito wa dakika ile. Kama Raymundi angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Mwenyekiti alikuwa ameishika kalamu. Kama angesema, kadi zote kumi na nne zingetiliwa shaka, karakana ingepoteza kazi yake kubwa kuliko zote za mwaka ule, na cheo kilichongojewa kwa miaka ishirini na miwili kingekwenda na upepo. Alisimama, kisanduku kikaanguka, kadi zikatawanyika sakafuni.

"Bwana Mwenyekiti, bibi anasema kweli. Kosa ni langu."

"Fundi, nani amekuruhusu kusema?"

"Hakuna, Bwana. Naomba wembe."

Wembe uliletwa, nadhani kwa sababu hakuna aliyewahi kusikia ombi la namna hiyo katika kikao cha kamati. Raymundi aliikata kadi katikati mbele yao wote, akakibadilisha kipande cha kushoto na cha kulia, akavishikilia kwa vidole ndani ya darubini, na kumwomba Mwenyekiti atazame. Mwenyekiti alitazama. "Shimo," alisema. "Ni shimo."

"Handaki," alimsahihisha Bibi Ngollo. "Shimo ni la panya."

Mwenyekiti hakufurahishwa. Alisema kwamba nusu saa iliyopita lilikuwa tuta na sasa ni handaki, picha ni zile zile na fundi ni yule yule, aamini lipi? Raymundi alimjibu kwa jambo ambalo tangu siku ile limekuwa sheria katika karakana yetu. Alimwonyesha pichani nguzo ya ua iliyosimama kati ya kamera na mti wa mkwaju. Nguzo ilikuwa imeziba sehemu ya shina. "Bwana, katika ile ya kwanza macho yako yalikuambia kwamba nguzo iko nyuma ya mti. Lakini nguzo inauziba mti. Kitu kilicho nyuma kitazibaje kilicho mbele? Macho yanaweza kupinduliwa na mimi nikikosea. Kuziba hakupinduliki." Kisha aliziokota zile kadi kumi na tatu sakafuni, na katika kila moja akawatafutia wajumbe kitu kinachoziba kingine, mpaka wote sita waliporidhika kwamba hizo zilikuwa sahihi. Kazi hiyo ilichukua saa moja na robo. Mwenyekiti aliiweka kalamu chini, na shauri la Ziba likaahirishwa mpaka mtu aende akalione kwa miguu yake.

Mwezi Juni mtu huyo alikwenda. Wenyeji wanasema alilizunguka handaki lote, kisha akavua viatu, kwa maana upande mmoja maji yalimfika magotini. Barabara ilipindishwa kwa robo maili. Yeyote anayesafiri kwenda Nzega kwa njia hiyo na kujiuliza kwa nini dereva anakata kona mahali pasipo na mto wala kilima, sasa anajua.

Kuhusu gharama, tusifiche. Kamati ilipeleka kazi zake kwingine kwa miaka mitatu. Njiani kurudi Isevya, Bwana Figueira alimwambia Raymundi, "Ungeninong'oneza." Raymundi alijibu, "Bwana, ningekunong'oneza ungeniambia nikusubiri nje." Bwana Figueira hakuzungumza naye kwa siku tisa, ila kwa karatasi. Cheo cha fundi mkuu kilikuja mwaka 1950, na mwenye karakana alipomkabidhi barua yake alikiri mbele yetu sote kwamba lile lilikuwa jibu la kweli. Wala katika mwaka wowote Raymundi hakulitaja jina la Bibi Josepha katika habari hiyo. Tunaijua sehemu ya Bibi Josepha kwa sababu yeye mwenyewe aliisimulia siku ile ile ya barua, akiwa amesimama na machozi yakimtoka, naye Raymundi akamwambia aache kuyadondosha juu ya karatasi, zisije zikapata unyevu tena.

Kama fundi mkuu aliwafundisha mafundi wanane, watano kati yao wakiwa na studio zao leo, Shinyanga, Kigoma na kwingineko. Aliingiza utaratibu kwamba kadi haitoki mlangoni mpaka iwe na majina mawili nyuma yake, la aliyevusha na la aliyeitafuta nguzo. Aliandika kwa mkono wake daftari la mambo ya lenzi za kale: namna ya kuzisafisha kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, namna ya kuzikinga na kuvu wakati wa masika kwa kuziweka karibu na mkaa, na namna ya kujua kwa sikio kwamba shaba inaanza kuliwa. Daftari hilo lina kurasa mia na arobaini, na halina picha hata moja. Alipoulizwa sababu alisema kwamba hakupata nafasi.

Anarudi Ntalikwa, kwa Bibi Veneranda na watoto wao sita, na kwa shamba la karanga ambalo limekuwa likimngoja kwa subira kuliko wateja wake. Karakana inamshukuru kwa mikono yake, kwa ukaidi wake, na kwa kutufanya tuogope uzembe kuliko tunavyomwogopa mwajiri. Bibi Josepha, anayeshika nafasi yake kuanzia Jumatatu, ametuomba tuandike kwamba yeye anaogopa vyote viwili.

Limebaki neno moja kabla ya kukaribishwa mezani. Miaka miwili baada ya barabara kupindishwa, kaya zile za Ziba zilipasua mfereji mdogo chini ya handaki na kuanza kulima mpunga mahali ambapo lori zingekuwa zikipita. Leo ni kaya kumi na saba. Walipopata habari za sherehe hii hawakuandika barua. Walipakia magunia mawili katika lori na kumpandisha Bibi Ngollo juu yake. Wali tunaoula mchana huu ni wa mpunga huo. Asubuhi, wapishi walipomsihi akae kivulini apumzike, aliwauliza kama wanadhani ametoka Ziba kuja kukaa. Ameushika upawa, na ametoa amri kwamba hakuna atakayepakuliwa kabla ya Raymundi, awe mkubwa wa serikali au padre.

Mzee Raymundi, tunakuombea afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na mteja, na miaka mingi ya kutazama mambo mazuri kwa macho yako mawili. Tangulia, sahani yako iko tayari.